Mwendo wa Afande Stefano

Afande Stefano hakuwa mtu wa kuhurumiwa, na ole wako ujaribu. Bomu la kutegwa lilimchukua macho yote mawili akiwa jeshini. Alirudi kwao Magomeni, hapa Kilosa, akajifungia ndani mpaka mkewe, Agness, akachoka kumbembeleza. Alipotoka alitoka na wazimu wake: kupandisha walemavu milimani. Wenye magongo, wenye miguu ya bandia, vipofu wenzake, wote aliwapanga mstari mmoja wameshika kamba, yeye mbele na fimbo yake, wakivipanda vilima vya Masanze kwa nyimbo za mchakamchaka. Watu walicheka mpaka wakachoka, kisha wengine wakaanza kuwapikia uji.

Sheria yake ilikuwa moja: kwenye kamba hakuna kulalamika wala kupeana pole. "Pole mnazo tele majumbani," aliwaambia. Nao waliipenda sheria hiyo, maana walishachoka kuonewa huruma hata wakienda kununua nyanya.

Sheria hiyohiyo ndiyo iliyomponza Coletha. Huyu ni binti wa wafugaji wa Tindiga, mguu wake mmoja wa bandia, na mlimani alitembea nyuma ya Afande akimwelekeza kushoto, kulia, jiwe hilo. Siku waliyopanda mlima kule Mikumi, mtangazaji wa redio akiwangoja kileleni, mguu ule ulianza kumchuna. Hakusema. Alijikaza kisabuni mpaka juu, akacheka redioni, akateremka. Walipomvua mguu, soksi ilikuwa imelowa damu. Kidonda kikaoza. Sasa hospitali wanasema huenda wakakata tena, juu ya goti, na bila goti habari ya milima imekwisha.

Kila aliyekuja kumwona Afande alimpa maneno yaleyale: wewe huoni, ungejuaje? Afande aliitikia kwa kichwa, na kila alipoitikia nafsi ilimsuta zaidi. Chakula kilimshinda. Kuna jambo hakumwambia hata Agness.

Jumapili wakapanda mshikaki kwenye bodaboda, yeye na mkewe nyuma ya dereva, mpaka Tindiga. Coletha alikuwa amekaa mkekani nje ya nyumba. Mama yake, Mhoja, aliwakaribisha, akaenda na Agness jikoni kuleta maziwa.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba, mwanangu. Hospitali wanasemaje?"

"Kesho ndiyo watasema kama wanakata." Akamgeukia. "Afande, ulinisikia."

Afande akainamisha kichwa.

"Pale kwenye mawe hatua zangu zilibadilika. Ukapunguza mwendo. Nikajua unasimama, nikamshukuru Mungu. Halafu ukaongeza."

Ilikuwa kweli. Aliusikia mguu ukiburuzwa kwenye changarawe, akataka kusimama, kisha akaikumbuka redio. Alitaka nchi nzima imsikie. Akajidanganya kwamba binti ana roho ya kijeshi, atafika tu. Sasa aliona aibu kiasi kwamba hakujua mikono yake aiweke wapi.

"Mbona hukusema?" aliuliza, na papo hapo akajichukia kwa kuuliza.

"Nilikuwa nakungoja wewe."

Mhoja akarudi, Agness nyuma yake. Akapiga goti, akamwekea mgeni bakuli la maziwa mikononi kwa heshima zote.

"Kunywa, Afande. Agness anasema huli, hulali. Usijitese. Mtu asiyeona angejuaje?"

Angeweza kunywa, wakaagana vizuri, jambo likaishia hapo. Afande alijua Coletha hatamsemea, wala hatamsaidia.

"Mama Coletha," alisema, "niliusikia mguu wa mwanao unaburuzwa. Nilisikia, nikaongeza mwendo."

Agness akashusha pumzi nzito. Mhoja aliinama, akalichukua bakuli kutoka mikononi mwa Afande, akaingia nalo ndani.