Siku Niliyopiga Kelele za "Shika" Uwanjani

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, niliyotoka nyumbani na mbwa mdogo ndani ya koti na majivuno tele kifuani, na jioni nikarudi na mbwa tu. Nimeikumbuka tena wiki hii kwa sababu yenu nyinyi vijana wa hapa Lindi, mtaa wetu wa Kibera. Nawaona mkipita mbele ya mlango wangu kila Jumapili baada ya kanisa, mkielekea uwanjani na mbwa wenu, wengine wamefungwa mnyororo, wengine kamba ya kuanikia nguo. Juzi mmoja wenu alipita na mtoto wa mbwa aliyemtia kwenye kofia ya jaketi yake, masikio tu ndiyo yaliyoonekana. Nikamuuliza anampeleka wapi.

"Naenda kumtoa ushamba, mzee," akanijibu.

Nikacheka naye. Lakini alipokwisha kupita kicheko kilinikauka, kwa maana maneno hayohayo niliyasema mimi, na mbwa wangu akayalipia.

Siku hizo nilikuwa kijana wa kutoka Machakos, nimemaliza kidato cha nne, nimekuja Nairobi nikidhani nitapata meza na kiti ofisini. Nilichopata ni sindano na uzi wa kushonea viatu, kibanda kando ya barabara huko Kawangware, na chumba cha mabati hapa Kibera, upande wa Gatwekera. Asubuhi nilikwenda kazini kwa miguu na jioni nikarudi kwa miguu. Sikuwa na shida na maisha hayo. Shida yangu ilikuwa kutaka watu wanione.

Jirani ya kibanda changu palikuwa na bucha, na mwenye bucha alikuwa na mbwa jike aliyezaa chini ya meza ya kukatia nyama. Watoto wakubwa walichukuliwa upesi na watu waliotaka mbwa wa kulinda ploti, zile nyua za nyumba za kupanga. Akabaki mmoja mdogo, mwekundu kama njugu iliyokaangwa, miguu myembamba, tumbo la duara. Hakuna aliyemtaka. Nikamtia ndani ya koti nikavuka naye Ngong Road, na kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimeshampa jina la Njugu.

Alilala kwenye boksi la viatu vilivyosubiri wenyewe. Mchana nilimchukua kibandani. Na alikuwa na tabia moja ambayo nataka uishike vizuri, kwa sababu ndiyo habari yenyewe. Kila alipoogopa kitu, mkokoteni ukipita kwa kishindo au mtu akiangusha debe, hakulia wala hakukimbia mbali. Alikuja akaingia katikati ya miguu yangu, akakaa, akachungulia nje kama mtu aliyesimama mlangoni kwake. Akiridhika anatoka mwenyewe. Mimi sikulitilia maanani jambo hilo. Niliona ni kawaida tu, kama vile mtu asivyoliona paa la nyumba yake mpaka livuje.

Sasa huo uwanja mnaokwenda ulikuwepo hata wakati ule, huo wa vumbi ulio karibu na msitu. Wenye mbwa walikutana pale Jumapili alasiri. Lakini mbwa wa siku hizo, mwanangu, hawakuwa wa kupigwa picha. Walikuwa mbwa wa ploti. Mchana kutwa wamefungwa, usiku wamefunguliwa, na Jumapili ndipo walinyooshwa miguu. Hawakufundishwa kukaa wala kutoa mkono. Wote walifundishwa neno moja, neno la kuambiwa mwizi anapoonekana akiruka ukuta. Neno hilo ni "shika". Ukitaja neno hilo kwa sauti, mbwa wa ploti haulizi nani wala kwa nini.

Mtu wa nyumbani kwetu aliyeitwa Kilonzo, naye fundi wa viatu, alikuwa na dume kubwa jina lake Simba. Yeye ndiye aliyenishawishi. "Mlete huyo wako," aliniambia. "Ukimweka ndani sana atakuwa paka."

Basi nikamshonea Njugu ukanda wa shingo kutoka kwenye ngozi nzuri iliyobaki kwenye buti la mteja, nikaupaka rangi ukang'aa. Niliushona kwa ukubwa wa kumkulia, ili nisishone mwingine. Fundi mzima, nikampima mbwa kwa shingo ambayo hakuwa nayo bado.

Kwenye ukingo wa uwanja alikaa Mama Achieng', mama wa kutoka upande wa Ziwa Victoria, aliyeuza matumbo na chapati. Mbwa wake mzee, Chifu, alilala kando ya benchi la wateja. Jina hilo lilimletea mama huyo vituko, maana chifu wa serikali mwenyewe alipopita na watu wake, mama akipiga kelele "Chifu, toka kwa hiyo chakula!", ilibidi aeleze upesi anamwambia nani. Aliponiona nikimtoa Njugu kwenye koti alinyoosha mwiko.

"Kijana, huyo bado mtoto. Kaa na yeye hapa kwa benchi kwanza, aone watu."

"Mama, huyu ni mbwa, si mtoto wa kupelekwa nasari," nikamjibu. "Nimekuja kumtoa ushamba."

Wateja wakacheka, nikaona nimesema neno la maana. Nikaenda mpaka katikati ya uwanja nikamweka chini.

Mbwa walikuja kumnusa. Hawakuja kwa ubaya, walikuja kama watu wa ploti wanavyomjia mpangaji mpya. Lakini kila mmoja alikuwa mkubwa kama punda machoni pake, nao walimzunguka pande zote. Njugu akafanya alichozoea. Akaingia katikati ya miguu yangu, akakaa, akachungulia.

"Musyoka, hiyo ni mbwa ama ni panya umevalisha mshipi?" mmoja akauliza.

"Ni mbwa ya kulinda sabuni," akasema Kilonzo, na uwanja mzima ukacheka.

Hapo ndipo nilipokosea, mwanangu, na kosa halikuwa la mwingine. Nilimsukuma kwa kiatu. Nikamwambia, "Toka huko, unaniaibisha." Akarudi. Nikamsukuma tena, kwa nguvu zaidi, na mara hiyo nikaibana miguu yangu pamoja ili asipate pa kuingia. Aliniangalia usoni mara moja. Kisha akajinyonganyonga, ule ukanda mpana ukamtoka kichwani, akakimbia kuelekea msituni.

Upande ule alikuwa anakuja mtu na mtungi wa maji begani. Nikaona huyo ndiye atakayemzuia. Nikapiga kelele kwa sauti yangu yote: "Shika! Shika huyo mbwa! Shika!"

Umeshaelewa. Mtu yule hakuwahi hata kuutua mtungi. Mbwa wote wa uwanja ule, waliokuwa wakinusana kwa amani, walisikia neno lao pekee. Wakageuka wote kwa pamoja na wakaona mkono wangu ulikoelekea. Kilonzo aliburutwa na mnyororo mpaka ukamponyoka. Nikaanza kuita "Acha! Acha!" lakini neno hilo hakuna aliyewahi kuwafundisha.

Aliyemwokoa Njugu ni Mama Achieng'. Mbwa wale walijua sauti moja nyingine, mfuniko wa sufuria yake, kwa sababu kila Jumapili jioni aliugonga akiwaita kula makombo. Aliugonga mfuniko ule kwa mwiko kama mtu aliyeona moto, akapaza sauti, "Makombo! Makombo! Kujeni!" Na alipoona hawajasadiki, maana makombo yalikuwa hayajapatikana bado, aliiinua sufuria nzima ya matumbo yaliyokuwa tayari ya kuuza akayamwaga kwenye majani. Harufu ikawafikia. Mmoja akasimama, wa pili akageuka, na mwisho wakarudi wote isipokuwa Simba, ambaye alikuwa ameshamfikia Njugu na kumshika sikio. Mwenye mtungi alimwagia Simba maji yote, akaachia.

Nilimkuta Njugu amejibana kwenye mizizi, sikio limechanika kidogo, mwili unatetemeka. Nilipomnyooshea mkono alinionyesha meno. Yale meno madogo. Ilibidi Mama Achieng' aje amfunike na leso yake ya kiunoni ndipo akabebeka.

Nilianza kumlaumu Kilonzo na Simba wake. Mama huyo akanikatiza.

"Nyamaza. Mbwa ya Kilonzo haijakosa. Hizi mbwa zote hazijakosa. Ni wewe umezituma. Na kabla uzitume, huyu alikuja kwako akakuta umefunga mlango. Mimi niliona hiyo miguu yako."

Nikamuuliza tu kuhusu sufuria yake, nifanyeje.

"Wewe kila Jumapili utakuja kunichotea maji. Na umlete. Mkae hapa, hapa kwa benchi, kama nilivyokuambia."

Sikio lilipona upesi. Jambo jingine ndilo lililokataa kupona. Njugu hakuingia tena katikati ya miguu yangu. Mkokoteni ukipita anakimbilia chini ya kitanda, debe likianguka anajibana ukutani. Alikula chakula changu, alitikisa mkia nikirudi, lakini akiogopa aliniona kama sipo. Mwanangu, nimewahi kukataliwa na msichana na nimewahi kufukuzwa kazi, lakini hayo hayakuniuma kama kumwona kiumbe mdogo hivyo akitafuta pa kujificha huku mimi nimesimama palepale mbele yake.

Basi tukawa tunakwenda. Mimi nachota maji, yeye amefungwa kwa kamba ndefu isiyombana karibu na benchi, mbali na vumbi la wenzake. Mwanzoni alijificha nyuma ya gunia la makaa na hakutoka. Chifu, kwa uzee wake, hakumjali hata kidogo. Alilala akampa mgongo. Nadhani huo mgongo ndio uliomponya. Mbwa aliyekupa mgongo hakuulizi chochote. Jumapili moja nikamwona Njugu amenyoosha shingo akimnusa mkia, Chifu akapiga miayo, na mambo yakaishia hapo. Baadaye Mama Achieng' akawa anatutuma sote wawili na Chifu mpaka bombani, mbwa wawili wakitembea upande mmoja kuelekea kule kule, bila kutazamana uso kwa uso, na wakirudi wamekuwa kama majirani waliotoka sokoni pamoja.

Tulikaa kidogo tu kila Jumapili. Njugu akianza kulamba midomo na kupiga miayo bila usingizi, mama ananiambia, "Huyo amechoka na watu, mpeleke nyumbani," nami namchukua hata kama mtungi haujajaa. Kilonzo naye akaja, kwa aibu kidogo, akamfunga Simba mbali. Kila wiki akasogea hatua chache.

Lakini akiogopa, Njugu alikimbilia sketi ya Mama Achieng'. Nilimwonea wivu mama huyo, nakuambia ukweli.

Kisha ikaja Jumapili ambayo mtu mgeni alileta dume jeusi lisilofungwa. Likatoka mbio uwanjani likielekea kwenye benchi. Mama Achieng' alikuwa amekaa palepale akikanda unga, sketi yake imetandazwa. Njugu alimwangalia yeye, akaniangalia mimi. Nami nilikuwa nimeshika mtungi, sikuthubutu hata kuutua. Nikasogeza mguu mmoja kando, kidogo tu. Akaja. Akaingia, akakaa juu ya kidole changu cha mguu, nikausikia moyo wake ukipiga kupitia ngozi ya kiatu.

Kilonzo akaniambia, "Mtoe hapo, atazoea uoga."

"Mwache," nikamwambia. "Amefika kwao."

Lile dume jeusi likanusa kiatu changu, likanusa pua iliyochungulia. Nilibaki nimesimama, mtungi wa maji mikononi. Njugu akalinusa pia. Halafu akatoka mwenyewe, kwa miguu yake, akazunguka nyuma ya lile jitu akalinusa vizuri, na kabla sijapumua wawili hao walikuwa wanakimbizana kuelekea majanini, yule mdogo akiwa mbele.

Mama Achieng' hakuacha kukanda. "Musyoka," akasema, "kumbe hiyo miguu si ya kubebea viatu peke yake."

Njugu aliishi nami mpaka akazeeka. Sikio lake lile halikunyooka tena, na kila nilipoliona nilikumbuka sauti yangu mwenyewe.

Kwa hiyo, mwanangu, sikuambii usimpeleke mbwa wako uwanjani. Mpeleke. Maisha ya kufungwa ndani hayamfai mbwa wala mtu. Kwanza mpatie chanjo, na umshonee ukanda wa shingo aliyonayo leo. Mtafutie mbwa mmoja mzee asiyekuwa na haraka, watembee upande mmoja. Kaa pembeni, uondoke naye angali na furaha, usingoje mpaka achoke. Ulinde ulimi wako, kwa sababu pale uwanjani mbwa wa watu wamefundishwa maneno na watu wengine, na hujui neno lako litamtuma nani. Na watakapokucheka, nao watakucheka, hicho kicheko kiache kipite. Kitakwisha kabla ya chakula cha jioni. Lakini mdogo akija akajificha miguuni mwako mbele ya watu wote, usimsukume. Hakuaibishi. Katika uwanja mzima amekuchagua wewe. Simama tu, umwachie nafasi, na akiwa tayari atatoka.

Mungu akupe subira ambayo mimi niliipata nimechelewa. Akujalie watu wa kukukemea wangali wanakupenda. Na kama ni wewe uliyepita juzi, huyo mdogo uliyembeba kwenye kofia ya jaketi, akue, anenepe, azeeke mlangoni pako, na siku zake zote, akisikia kishindo, awe anakukimbilia wewe.