Mfuaji Aliyezihesabu Ndoo

Saa moja asubuhi, katika chumba cha kufulia nyuma ya hospitali, mfuaji mkuu anapakia shuka za wodi ya wazazi kwenye mashine. Anazikung'uta moja moja, asije akafua mkasi au sindano iliyosahauliwa. Anafunga mlango, anabonyeza vitufe viwili, kisha anavuta kiti na kukaa mbele ya kioo.

Ana miaka hamsini na minne, na ishirini na mmoja kati ya hiyo ameimalizia humu. Wauguzi humwita Mama Povu, jina lililokuja na mashine hii.

Ile ya zamani ilikunywa ndoo kumi na moja kubwa kwa mzigo mmoja. Tangi nalo lilikuwa moja tu, wakiligawana na wodi ya wazazi. Siku moja ya kiangazi mkunga alisimama mlangoni, mikono imejaa sabuni. Hakufoka.

"Dada, nina mzazi kitandani na bomba linatoa upepo."

Mfuaji alizima mashine, akambebea dumu la maji yake ya kunywa. Mtoto alizaliwa salama.

"Kazi yangu ni usafi," anasema. "Siku ile niliona usafi wangu unamnyima mwenzangu maji ya kunawa."

Hata hivyo mashine mpya ilipoletwa, hakuipenda. Kupitia kioo aliona maji kiduchu, shuka hata hazielei. Akajua wameuziwa mbuzi kwenye gunia. Siku ya tatu, fundi aliyekuja kuifunga alipokwisha kuondoka, akatia sabuni kwa kipimo alichokizoea, vikombe vinne badala ya kimoja. Povu likamwagika sakafuni, likatambaa hadi ukumbini walikoketi wagonjwa. Mashine ikagoma.

Fundi aliporudi alimwamkia, akakunja suruali, akaanza kudeki. Hakumlaumu. Alimweleza kwamba pipa la mashine hii limelala kwa ubavu: linazinyanyua nguo na kuziangusha, na kule kuanguka ndiko kunakotoa uchafu, si wingi wa maji. Tena mashine huupima mzigo kwanza, ndipo ichukue maji ya kuutosha.

Mfuaji alisikiliza, ila hakuridhika. Aliomba bomba la maji machafu lielekezwe kwenye ndoo, akazihesabu mwenyewe hadi mashine iliponyamaza. Hazikufika tano. Kisha akatoa shuka moja, akailoweka kwenye beseni la maji safi na kuikamua kwa mkono. Maji yalibaki meupe.

"Nikamwambia, mwanangu, nisamehe. Mimi ni mtu wa kuona kwanza."

Fundi alimjibu kwamba kama mama angeamini bila kuona, yeye fundi ndiye angeogopa.

Umeme nao umepungua. Maji machache hayahitaji moto mwingi, na nguo hutoka zimekamuliwa hasa. Mashine ya kukaushia, iliyokuwa ikinguruma saa nzima, sasa inamaliza kwa dakika thelathini na tano. Siku za jua haiwashwi kabisa. Shuka huanikwa uani na kukauka kabla ya adhuhuri.

Lakini mgala muue na haki yake mpe: ile ya zamani ilivumilia sabuni yoyote na kazi ya kubahatisha. Hii inachagua sabuni, na chujio lake lisiposafishwa kila jioni, inanuna.

Mwakani mfuaji anastaafu. Wifi yake huzunguka nyumba za watu akifua kwa mikono, na sasa mgongo umempinda. Akiinuka kwenye beseni hushika ukuta. Wawili hao wanadunduliza wanunue mashine ndogo iliyokwisha kutumika, waifunge kwenye chumba cha mbele. Fundi yuleyule ameahidi kuikagua kabla hawajatoa chochote.

"Wifi ana mjukuu wa miezi mitano, hajawahi kumbeba hata siku moja," anasema, akisimama kufungua mlango wa mashine. "Mgongo ukipumzika, nitamfunga yule mtoto mgongoni kwake kwa mikono yangu mwenyewe."