Mkono Uliokata Balbu

Enzi zetu pale Mkomaindo sebule ilikuwa na balbu moja tu, ile ya uzi, inaning'inia kwenye waya mweusi, ukiisogelea unasikia joto lake usoni. Watoto wa siku hizi wamekulia kwenye taa baridi zisizokatika ovyo, hawajui raha ya kuitoa balbu iliyokufa, kuitikisa sikioni, chiri chiri, na kuiinamisha taratibu mpaka ncha za uzi zishikane tena. Ukiirudisha, jamani, inawaka kali kuliko ilipokuwa mpya! Siku mbili tatu hivi, halafu inakufa kabisa. Nilikuwa najiuliza mpaka kichwa kinauma: kitu kilichokatika kinawakaje kuliko kizima?

Swali jingine lilinigusa zaidi. Balbu zetu hazikufa tukiwa tumekaa tunakula. Zilikufa wakati wa kuwasha. Paa! Mwanga mmoja wa buluu, basi. Na aliyekuwa anawasha ni mimi. Niliipenda ile swichi, ikifika magharibi naikimbilia huku nasukumana na dada yangu Stella. Ilipokatika balbu ya tatu mkononi mwangu, jirani yetu Mama Zuhura akasema pale uani, wala hakupunguza sauti: "Mama Stella, huyu mwanao mdogo ana mkono mbaya."

Msicheke. Kwetu mkono ni jambo kubwa. Mwenye mkono mzuri ndiye anayeanza kupanda, ndiye anayemwekea kuku mayai ya kuatamia. Mvua za kwanza ziliponyesha tukaenda shamba Lisekese, mama akampa Stella mbegu za njugu mawe. Mimi akaniambia kwa upole kabisa, "Wewe mwanangu utabeba maji." Ule upole ndio ulioniumiza. Angenigombeza ningemjibu. Nilikuwa na miaka tisa, na tangu siku ile mpaka naingia kidato cha tatu sikushika mbegu. Nikifika kwa watu wanapochambua karanga za kupanda, nasalimia, "Shikamooni," wanaitikia, "Marahaba," na ungo unasogezwa mbali nami kidogo.

Kidato cha tatu mwalimu wa fizikia akatugawia betri, mita za kupimia na kibalbu cha tochi. Betri zenyewe tulikuwa tumezianika juani tangu asubuhi zipate nguvu. Kazi yetu ilikuwa kuongeza betri moja moja, kupima umeme unaopita, kisha kuchora. Kitabu kilisema mstari utanyooka. Wetu ulianza vizuri, halafu ukalala. Kila tulipoongeza betri, umeme uliongezeka chini ya tulivyotarajia.

"Ipike bwana, inyooke," akaninong'oneza mwenzangu Halima. Kupika ndiko tulikoita kubuni majibu yafanane na kitabu, na siku ile darasa zima lilikuwa jikoni. Na mimi nikashika kifutio.

"Wee, acha hapo hapo!" Kumbe mwalimu alikuwa nyuma yangu. "Wa kwako ndio sahihi. Nani kakwambia uzi wa baridi na uzi wa moto vina ukinzani mmoja? Ukipata moto unazuia umeme zaidi. Ukiwa baridi unauachia tu, unapita unavyotaka."

Nikaganda na kifutio mkononi. Ukiwa baridi! Yaani pale unapowasha. Uzi bado baridi, umeme unaingia wote kwa kishindo, na kama uzi umeshachakaa, unakatikia hapo hapo. Na ile balbu ya kutikiswa, uzi ukishikana umekuwa mfupi, kizuizi kimepungua, lazima iwake kali! Nikapiga kelele, "Kumbe si mkono wangu!" Darasa likacheka mpaka Halima akadondosha mita.

Nilirudi nyumbani mbio. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka anamenya mihogo. Sikumaliza hata kuhema, nikaanza kumwaga: uzi, betri, ukinzani.

"Ukinzani ndio nini? Ubishi?"

"Ndiyo, mama, ubishi! Uzi ukiwa baridi haubishi. Ukipata moto ndio unabisha."

"Kama wewe," akasema, na kisu hakikusimama. "Mbona baba yako akiwasha haikatiki?"

"Mama, baba anawasha lini? Si kila siku nawasha mimi?"

Kisu kikasimama. Nikaona anahesabu zile jioni zote. Kisha akapaza sauti upande wa pili wa ua: "Mama Zuhura! Mtoto wangu hana mkono mbaya! Ni uzi!" Mama Zuhura akauliza uzi gani tena. Mama akainuka kwenye mkeka, akafuta mikono kwenye kanga, akasimama mbele yangu. "Nisamehe, mwanangu. Tulikuonea."

Nililia kama mtoto mchanga. Enzi zile mzazi hakumwomba mtoto radhi, nani angemfundisha? Siku hizi mimi nawaomba radhi wanangu kutwa nzima, nimechelewa kuwachukua, nimesahau bando, na wao wananijibu "poa tu, mama" huku macho yapo kwenye simu. Sina hakika kama wananisikia. Mama yangu aliniomba mara moja tu maishani, na alisimama kwanza ndipo akasema.