Mngurumo Ndani ya Kompyuta

Jamani, leo sijui nitaingiaje kazini. Wiki nzima kompyuta ya stesheneri yetu, Mabibo, ikiwashwa tu ilikuwa inanguruma kama mnyama. Sie tunachomoa waya na kukimbilia nje, Rehema wa fotokopi akitangulia.

Jana mie Jofrey, niliyejitangaza fundi, nikachomoa spika kwanza, ndipo nikaiwasha. Nikapekua rejista, mahali kompyuta inapotunza mipangilio yake, hadi nikaukuta mstari unaoamuru faili la sauti lifunguke lenyewe. Bosi wetu, Mama Neema, alisimama nyuma yangu ameishikilia rozari.

“Rudisha spika,” akanong'ona. “Leo tusikie mpaka mwisho.”

Nikaichomeka, nikalibofya faili lile. Mngurumo ukaja, ukarefuka, kisha ikafuata sauti ya Rehema akicheka: “Mnamsikia Jofrey anavyokoroma? Na wateja wamejaa!”