Chipu ya wati sita au ya thelathini na tano? Vile tulichagua kompyuta ndogo ya kibanda chetu Umoja

Wakuu, niaje? Nyinyi wa kusoma kimyakimya bila kucomment pia nawasalimu. Mimi nilikuwa mwenzenu mpaka leo.

Hii ni yetu ya nyumbani na sijaongeza chumvi. Mume wangu, Baba Joy, yuko humu ndani na username ambayo sitaitaja. Akiona uongo hapa atajitokeza mwenyewe, hamjui vile anapenda kunikosoa mbele ya watu.

Tuna kibanda cha kuchapisha hapa Umoja. Tunafanya kadi za harusi, posta za mikutano ya injili, mpaka bei za nyama za wale jamaa wa Kiamaiko. Lakini unga wetu hasa unatoka kwa programu za mazishi, vile vijitabu vyenye picha ya marehemu mbele, historia yake katikati na nyimbo nyuma.

Si mnajua vile mambo huenda hapa kwetu. Mtu akifariki, watu wanakutana jioni kwa nyumba yake, wanaomba, wanachanga. Ijumaa asubuhi mwili unatolewa mochari, basi linaelekea magharibi, na Jumamosi ni kuzika.

Programu ikikosa hilo basi, imekosa. Hakuna mtu atarudi kuichukua.

Sasa shida yetu ilikuwa kompyuta. Tulikuwa na lile boksi kubwa la zamani, linanguruma kama posho mill na token za stima zinaisha ukiangalia. Stima ikipepesa tu, limezima, kazi imeenda. Kuna familia ilisafiri bila programu kwa sababu yetu.

Aki nililia. Na habari za kanisani hazihitaji bundles za simu kufika. Wateja wakaanza kutupita wakienda kwa jirani, wengine hata hawageuzi shingo. Nikamwambia Baba Joy, tukikosa Ijumaa nyingine, tunafunga, mimi narudi kuuza mitumba.

Ndipo tukaamua kununua kompyuta ndogo, zile za kukaa kwa kiganja. Jamaa mmoja tunayemjua anayeuza mashine akatupatia mbili tujaribu, tuchague moja.

Ya kwanza ilikuwa ex-UK, yaani imeshatumika ng'ambo, ina i5 ya kizazi cha nane, ile yenye herufi T mwishoni. Hiyo T inamaanisha chipu imepunguzwa njaa, imeandikwa wati thelathini na tano. Kor sita, yaani vichwa sita vya kufanya kazi, na nafasi mbili za RAM. Baba Joy akaipenda kabla hata hajaiwasha.

Ya pili ilikuwa mpya, chipu ya N100. Imeandikwa wati sita. Kor nne, nafasi moja ya RAM, na adapta ndogo ya volti kumi na mbili. Mimi nikashika hiyo.

Wee! Nyumba ikagawanyika. "Mama Joy, hiyo ni ya watoto kuangalia katuni," akaniambia. Nikamwambia yake ni ya kulipia mwenye stima mshahara.

Tukazipima. Jamaa alikuwa ametupatia kile kifaa cha kuchomeka ukutani kinachoonyesha wati.

Hapa nataka mnisikize vizuri, kwa sababu ndipo wengi hukosea. Zikiwa zimetulia, umefungua barua tu unaandika, zilikuwa zinakaribiana kabisa. Nilisikia vibaya jamani. Ile namba ya sita ni ya chipu, si ya boksi nzima, na ile ya thelathini na tano haimaanishi inakula hivyo kutwa nzima. Tofauti ilionekana tukizipatia kazi nzito. Yake iliruka juu, yangu ikapanda kidogo tu.

Lakini kwa mbio, yake ilinipiga. Kufungua picha kubwa na kuisafisha, yake inamaliza na yangu bado inafikiria. Kusema kweli nilikasirika, lakini nikakubali. Tukaweka yake kazini, yangu ikarudi kwa katoni.

Alhamisi hiyo akaja Mzee Wanyonyi, zamani alikuwa railway. Amefiwa na mkewe, Mama Nafula. Alitoa picha kutoka kwa mfuko wa shati, imefungwa na leso. Ilikuwa picha ya kwaya, na Mama Nafula yuko safu ya nyuma, nusu ya bega imefichwa na kofia ya mwenzake.

"Ni hii tu, binti yangu. Huyu mama alikuwa anakimbia kamera," akasema. "Na wajukuu kule nyumbani wanamjua kwa simu pekee. Wanajua sauti. Sitaki wamzike kama mgeni."

Nikaipokea picha. Nikaingia kazini. Nikaskani, nikamtoa kwa kundi, nikaondoa ile kofia, nikamtengenezea bega. Nikisave kwa flashi kila mara, hiyo adabu tulifunzwa na lile boksi la zamani.

Alasiri, bado nimebakisha historia na nyimbo, stima ikaenda. UPS yetu, ile betri ndogo ya akiba, ikalia mara kadhaa ikanyamaza. Kompyuta ya Baba Joy, na kor zake sita, ikawa kama tofali.

Tukapiga simu kwa watu wa stima, tukaambiwa hawajui itarudi lini. Mzee yuko kwa benchi nje, anangoja. 

Baba Joy akaangalia ile katoni. Nyinyi hamjui vile huyu mwanaume huwa mgumu kukubali jambo. Akasema polepole, "Adapta yako ni ya volti ngapi tena?" Yake ilitaka karibu volti ishirini, yangu kumi na mbili kama betri ya gari.

Yeye hufunga vyombo vya sauti kanisani, kwa hivyo ana betri kubwa ya gari na kale kamtambo ka kushikilia volti zisipande. Akaleta. Akakimbia kwa nyumba akang'oa TV yetu ndogo ya solar, nayo ni ya volti kumi na mbili, tukaifanya skrini. Akapima na mita mara mbili ndipo akachomeka. Tafadhali msijaribu hii bila kupima, betri ikijaa inapita kumi na mbili na unaweza kuchoma mashine.

Ikawaka. Jirani wa saluni alipiga kigelegele kwa mlango.

Ilikuwa polepole? Ndiyo. Nilikuwa naguza kitu nangoja. Lakini haikuzima. Nikamaliza, kisha ndipo tukakumbuka printa. Hehe! Watu wawili wazima tumepigania wati za chipu wiki nzima, na hakuna aliyefikiria printa ya laser, ambayo inakula kuliko hizo kompyuta zote mbili. Betri ile haingeiweza.

Basi nikatuma faili kwa simu kwa rafiki yangu wa Pumwani, kwake stima ilikuwako. Akachapisha, akabana, Baba Joy akaenda kuzileta kabla giza halijaingia.

Mzee Wanyonyi alikuwa bado kwa benchi, alikataa kwenda. Nikampatia moja. Aliangalia ile picha, akapitisha kidole kwa lile bega nililotengeneza.

"Ameacha kujificha," akasema. Akafunga hiyo moja na ile leso, akabeba zingine, akaenda.

N100 ndiyo tuliyonunua. Baba Joy sasa anawaambia watu ni yeye aliichagua, na mimi nimemwachia.

Somo langu ni hili: usichague chipu kwa kuangalia mbio pekee, wala kwa namba ya wati iliyoandikwa. Anza na stima ya mtaa wenu. Jiulize siku ikienda, hii mashine itashikiliwa na nini, na skrini je, na printa je. Kama stima yenu ni ya uhakika na kazi ni nzito, chukua ile ya T, ni mashine nzuri, sina ugomvi nayo tena.

Mzee alipiga simu Jumapili ya wiki iliyofuata, kutoka nyumbani. Wajukuu wamebandika ile picha kwa ukuta wa sebuleni, na yule mdogo kabisa huisalimia akiamka.

Haya, wenye T jiteteeni. Na kama kuna mtu anajua printa ndogo inayoweza kuvumilia betri, aniambie, Ijumaa haziishi.