Mtani Nyuma ya Vijiti

Zuwena alianza kudaka kabla hajajua kwamba kuna mchezo wa kudaka. Pale Nangurukuru basi la Lindi likisimama, wauza korosho hulizingira madirishani, na abiria wana tabia moja ambayo sijawahi kuipenda: wanasubiri mpaka dereva atie gia ndipo wakumbuke kulipa. Sarafu zinarushwa basi likiwa linaondoka. Wenzake waliinama kuziokota mchangani. Zuwena alizidaka hewani kwa mkono mmoja, wa pili umeshika sinia, na mdomo haujafungwa hata kidogo. "Mjomba, rusha vizuri! Unalipa au unanipiga mawe?" Mimi nauza vocha na kuchaji simu palepale kituoni, kwa hiyo haya sikuhadithiwa.

Kwao ni Kinjumbi, Mmatumbi, na aliletwa kwa shangazi yake hapa ili asome sekondari. Akiwa kidato cha pili, akahamia shuleni kwao mwalimu mmoja kutoka Dar es Salaam na mfuko mrefu wa vifaa vya kriketi. Nitaueleza mchezo wenyewe kwa kifupi, maana watu wengi wanajifanya wanaujua. Vijiti vitatu vinasimikwa ardhini. Mmoja anarusha mpira kuvilenga, mwingine anavikinga kwa gongo bapa la mbao. Nyuma ya vijiti anachuchumaa mtu mwenye glavu kubwa, kazi yake kudaka kila kinachompita mpigaji. Mpigaji akivuka mstari wake kwa tamaa, akakosa mpira, yule wa nyuma akaudaka na kuvigonga vijiti, habari ya mpigaji imekwisha. Vijiti hivyo ndivyo wiketi, na huyo wa nyuma anaitwa mlinda wiketi.

Zuwena akapewa glavu, na pamoja na glavu akaja na mdomo wake wa kituoni. "Dada, kamba ya kiatu hiyo." Kweli imefunguka. "Dada, na huo mguu wa kushoto, umeuazima?" Mpigaji anapandwa na hasira, anataka kuupiga mpira ufike Somanga, anavuka mstari, anakosa. Vijiti vimeshalala. Halafu Zuwena anampa pole, tena pole ya kweli, na hilo ndilo lililokuwa linawaudhi zaidi.

Sasa Klementi. Huyu ni mtoto wa mama Genoveva, mama ntilie wetu wa miaka yote, Mngoni ambaye mumewe aliletwa huku na kazi ya barabara, akafia hapahapa. Mama akabaki na jiko lake. Klementi alisomea Dar es Salaam, akacheza kriketi, akawa mwalimu wa kriketi, na mwishowe akawa mmoja wa watu watatu wanaochagua timu ya taifa ya wanawake. Ni mtu mwema, wa kujipenda kidogo, shati halitoki nje ya suruali. Siku ya kwanza kukutana na Zuwena jikoni kwa mama yake, alimtazama juu mpaka chini, akasema, "Binti, babu yangu alimnunua babu yako kwa kibaba cha chumvi. Kwa hiyo hizo korosho ni zangu."

"Chukua zote, mla panya," Zuwena akamjibu. "Lakini rudisha panya wangu uliyemtia kwenye mchuzi."

Mama Genoveva alicheka mpaka akakaa chini. Wangoni na Wamatumbi ni watani, na tangu siku hiyo wale wawili hawakuwahi kuambiana neno lililonyooka. Klementi alimwona akidaka uwanjani, akamwingiza kwenye timu ya mkoa, lakini hakumwambia hivyo. Alimpigia simu, akasema, "Wamekukataa. Wanadai unanuka dagaa." Zuwena akamtukana ukoo mzima. Jioni yake majina yakasomwa redioni, na lake lilikuwa la kwanza. Ikawa ndiyo kawaida yao. Hapana ya Klementi ilikuwa ndiyo, na ndiyo yake ilikuwa mtego, na mradi mambo yalikwenda, hakuna aliyeona ubaya.

Kisha ikaja timu ya taifa. Walitaka mlinda wiketi mmoja kwa mashindano ya nje ya nchi, na waliobaki kwenye mchujo walikuwa wawili: Zuwena, na msichana wa Dar es Salaam aitwaye Happiness, mtulivu, anayedaka vizuri na kuongea kidogo. Zuwena alikwenda kwenye majaribio, akarudi ametulia kama mtu aliyeshiba. Nilimuuliza ilikuwaje. Akasema Happiness ni mzuri, ila mpira ukiingia miguuni anausubiri, "na mimi siusubiri, kaka, naufuata." Halafu akaniambia jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kusema, bila mzaha. "Nimeuza korosho tangu nina miaka kumi na nne. Naitaka hii nafasi mpaka usiku silali vizuri. Nikiikosa, sijui nitajitazama vipi."

Simu iliingia akiwa mezani kwangu. Ilikuwa kwenye chaji na waya wangu ni mfupi, kwa hiyo akaweka sauti ya nje, tukasikia wote tuliokuwepo.

"Zuwena," Klementi akasema, "jina lako halimo."

"Litakuwamo vipi wakati mwandishi ni Mngoni?"

"Sikiliza basi. Wamemchukua Happiness."

"Na mwenyewe anajua? Msije mkamtisha mtoto wa watu."

"Zuwena, nasema kweli."

"Mngoni na kweli wapi na wapi!" Watu wakacheka. Mwenye bodaboda mmoja akapiga honi. "Mwisho kusema kweli ilikuwa lini, bwana? Siku ulipozaliwa ukalia?"

Halafu Klementi akacheka. Nilikisikia kile kicheko kwa masikio yangu, kifupi, cha mtu aliyeshindwa na mzigo akautua njiani. "Haya bwana," akasema. "Msalimie mama." Akakata.

Zuwena alikwenda mbio jikoni kwa mama Genoveva kumweleza. Mama alikuwa anageuza mihogo kwenye karai. Hakufikiri hata kidogo. "Huyu mwanangu namjua mimi," akasema. "Akikwambia hapana, funga begi."

Siku ya kuingia kambini walikuwa wameshatajiwa kwenye majaribio, kwa hiyo Zuwena akafunga begi bila kungoja redio. Shangazi yake alimpa kanga mpya, wauza korosho wenzake wakamchangia viatu, mimi nilimpa chaja, si mpya lakini inafanya kazi. Mama Genoveva alimkaangia kuku mzima wa njiani na kukataa kusaidiwa hata kumnyonyoa. Siku ya safari alimsindikiza mpaka mlangoni mwa basi, mikono bado ina unga, akawa anawaambia abiria asiowajua kwamba huyu ni wa taifa. Basi lilipoondoka, wenzake walimrushia korosho kupitia dirishani, naye akazidaka zote.

Yaliyotokea Dar es Salaam aliyasimulia mwenyewe, mara moja tu, kwa maneno machache. Mlinzi wa geti la uwanja wa mazoezi alitafuta jina lake, hakuliona. Akamwomba asubiri pembeni. Kutoka pale aliwaona wenzake wakifanya mazoezi, na Happiness akiwa amechuchumaa nyuma ya vijiti. Hapo akajua, lakini akaendelea kusimama, kwa sababu begi lilikuwa zito na hakujua pa kulipeleka. Klementi akaitwa. Alipomwona na lile begi, alishika nguzo ya geti.

"Nilikuambia," akasema.

"Uliniambia ukicheka."

"Wewe ndiye uliyeanza kucheka."

"Mimi mtani wako, ningefanya nini?"

Zuwena akamuuliza kwa nini ameachwa. Klementi akatazama viatu vyake, akasema kamati ndiyo iliyoamua. Zuwena alituambia kwamba hayo yalikuwa maneno ya kwanza yasiyo na utani waliyowahi kuambiana, na hayakuwa na maana yoyote. Akalala kwa ndugu mmoja wa Mbagala, akapanda basi la kurudi.

Kesho yake alishika sinia. Watu walimpokea kwa upole, na nadhani upole ule ndio uliomuumiza. Aliuza kama kawaida, ila sarafu zikirushwa hakunyoosha mkono. Aliziacha zianguke, basi likishaondoka ndipo anainama kuokota. Hakumwita mtu mjomba, hakumuuliza mtu anampiga mawe au vipi. Kituo kilipoa. Mimi kelele za yule binti zilikuwa zikinichosha kila siku, na zilipokwisha nikawa sina raha.

Mama Genoveva alilibeba jambo lile kama lake. "Nani alimwambia afunge begi? Si mimi?" alikuwa akisema, hata kwa wateja waliotaka chai tu. Klementi akipiga simu na kuanza mzaha wake, mama alimkata. "Zungumza na mimi kama mtu wa serikali," alimwambia. Zuwena alikuwa bado anapita jikoni kila asubuhi, anasema "Shikamoo, mama," na mama anaitikia "Marahaba, mwanangu," kisha wote wawili wanakosa la kuongeza. Zamani pale pangefuata panya na chumvi na babu wa kila mtu.

Msimu wa korosho ulipoanza, mama Genoveva alianguka kando ya jiko. Presha, walisema. Alifikishwa hospitali akiwa hasemi, na hakurudi.

Klementi alikuja na gari la wenzake wa kriketi, macho mekundu, shati nje ya suruali. Kwenye msiba huku kwetu watani wana kazi zao: wanapasua kuni, wanachota maji, na katikati ya kilio wanafanya vituko ili wafiwa wapumue. Wanaweza kulala njiani kulizuia jeneza, wanaweza kudai fidia kaburini, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Zuwena alikuja tangu alfajiri. Alipasua kuni, akachota maji, akaosha masufuria, na hakufanya kituko hata kimoja. Wazee wa Kimatumbi walianza kunong'ona kwamba huyu ni mtani gani.

Tulifika makaburini. Jeneza likawekwa kando ya shimo, katekista Benedicto akafungua kitabu. Kabla hajasoma, Zuwena akapenya kati ya watu, akaruka ndani ya kaburi.

Alikuwa amevaa glavu. Alichuchumaa palepale chini, magoti nje, viganja mbele, kama anavyochuchumaa nyuma ya vijiti, akatazama juu.

"Leo hapiti mtu," akasema.

Watu waliangua kicheko, hata wale waliokuwa wanalia. Katekista alikifunga kitabu chake na kidole ndani, maana desturi anaijua. Wakaanza kurusha sarafu, fidia ya kumtoa shimoni, kama inavyotakiwa. Zilianguka kando ya miguu yake na hakuzigusa. Klementi akasogea ukingoni, akajaribu kuichukua sauti yake ya zamani. "We Mmatumbi, toka kwenye nyumba ya mama yangu. Chumvi tuliyowanunulia haikutosha?"

"Sitaki chumvi," Zuwena akasema. "Nataka jibu moja. Na ulijibu bila kucheka. Mlinda wiketi alikuwa nani?"

Kicheko kikapungua, kikaisha. Wale wa kriketi waliokuja naye, wawili wao wa kamati, walikuwa wamesimama nyuma yake na suti zao. Klementi aliwageukia mara moja, kisha akamtazama aliyekuwa chini. Alijifuta uso kwa kiganja.

"Ulikuwa wewe," akasema. "Wote watatu tulijua ni wewe. Wenzangu walikuwa tayari. Mimi ndiye niliyesema Happiness."

"Kwa nini?"

"Niliogopa. Niliona watasema nimembeba mtani wangu, binti anayekula jikoni kwa mama yangu. Nilitaka nionekane mtu wa haki." Akainama kuelekea shimoni. "Na nilipokupigia, ulipocheka, nikafurahi. Nikajua sitalazimika kukueleza."

Mimi nilikuwa karibu, nikamwona Zuwena akilia, machozi yanateremka na glavu zake bado ziko mbele, hazijashuka.

"Haya," akasema mwishowe. "Mleteni mama. Nitampokea mwenyewe."

Mzee mmoja alitaka kupinga kwamba hiyo si kazi ya mwanamke. Katekista akamnyamazisha kwa mkono. Vijana wakapitisha kamba, wakaanza kuteremsha, na kwa haraka yao upande wa kichwa ukatangulia. Zuwena akaufuata kabla haujaanguka, akaudaka kwa viganja viwili, akaubeba mpaka vijana wakasawazisha kamba. Akaulaza taratibu. Hakikusikika hata kishindo cha ubao kwenye udongo.

Akabaki ameinama juu ya jeneza, mkono mmoja juu yake. "Shikamoo, mama," akasema.

Klementi akapiga goti ukingoni. Timu ilikuwa ichaguliwe upya mwezi uliofuata, na wale wenzake wawili wa kamati walikuwa wamesimama palepale wanasikiliza.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia badala ya mama yake. "Funga begi."

Zuwena aliinua uso, akamkazia macho, akitafuta kicheko. Akatafuta sana, hakukiona. Halafu akavua glavu, akampa mkono, na Klementi akamvuta juu.