Leseni ya Marehemu

Nilicheza ligi daraja la kwanza siku moja tu, na siku hiyo haimo popote. Watu wa Songea wa umri wangu wanaikumbuka mechi, bao wanalikumbuka, ila mimi hawanikumbuki. Walionifanyia hivyo ni watatu: katibu wa timu, mwenyekiti wa kamati ya ufundi, na nahodha aliyejua akanyamaza. Majina yao siyaandiki kwa sababu wana wajukuu, na wajukuu hawakunikosea kitu. Vyeo vinatosha. Wakisoma watajijua.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Mitumba imejaa sokoni, sabuni za kila rangi zimejaa madukani, na mashirika yaliyokuwa yakilisha timu yanakufa moja moja. Timu yetu ikabaki mikononi mwa wafanyabiashara wa mjini. Tangu hapo kocha akawa anasikilizwa kidogo, kamati ya ufundi ikawa inasikilizwa sana. Asiyeijua kamati ya ufundi aelewe hivi: haifundishi mpira. Kazi yake ni dawa za waganga. Hiyo ndiyo ilikuwa inaamua timu ipite langoni au iruke ukuta, na nani asipewe mkono siku ya mechi.

Mimi natoka Maposeni, darasa la saba, mkulima wa mahindi kama baba. Nilikuwa na mbio. Kocha alinijaribu mwezi mzima, akaniambia nitacheza winga ya kulia. Nafasi ilikuwa wazi kwa sababu mwenyewe alikufa miezi minne nyuma, lori la korosho alilodandia kutoka Tunduru lilipopinduka kwenye utelezi. Nilikuwa nimemwona akicheza mara nyingi. Tulikuwa na urefu mmoja na wembamba mmoja, na hilo ndilo lililoniponza.

Nilimtumia baba salamu kwamba Jumamosi nitacheza na timu kutoka Dar. Baba hakuwahi kuuhesabu mpira kuwa kazi ya mtu mzima. Akajibu atakuja na baiskeli yake, na akisikia jina langu kwenye kipaza sauti ndipo ataamini. Basi mimi nikawa sitaki kingine. Jina langu lisomwe, baba alisikie.

Alhamisi katibu akaniita ofisini. Fomu yangu ya usajili ilikuwa bado imo kwenye droo yake, chini ya magazeti. Alisahau kuipeleka, na usajili ulikuwa umeshafungwa. Radhi hakuomba. Alitoa leseni ya mchezaji, ya yule marehemu, ambaye hakuna aliyekumbuka kumfuta kwenye orodha. Picha ilikuwa imefifia, yanaonekana masikio na shingo.

"Utacheza na hii," akasema. "Kamisaa wa mechi anatazama kadi, hatazami mtu."

Nikamwambia baba yangu anakuja. Akasema baba atakuona kwa macho yake, jina la nini tena?

Mwenyekiti wa kamati ndiye aliyefurahi kabisa. Alieleza kwamba wapinzani wanakuja na mtaalamu wao, na wataalamu hufunga wachezaji kwa majina. Sasa aliyekufa utamfunga vipi? Hivyo uzembe wa katibu ukageuka kuwa mbinu, nao wakapeana mikono.

Kwetu jina la aliyekufa halichukuliwi hivihivi. Ukoo unakaa, pombe inapikwa, mzee wao anamwambia marehemu ni nani anamrithi, na mrithi anatoka humohumo ndani. Kila mtu mle ofisini alilijua hilo. Mwenyekiti akauliza kama mama wa marehemu ameambiwa. Katibu akajibu ameambiwa, karidhika. Nahodha alikuwa amekaa dirishani, naye ni jirani wa yule mama, ukuta kwa ukuta. Akatazama nje.

Jumamosi saa sita wakanipeleka makaburini, jua limesimama utosini, hata kivuli cha msalaba hakuna. Mtaalamu wa kamati yetu, mzee mmoja mpole aliyeshuka na basi la Tunduru, alinipigisha magoti kwenye kaburi akanivisha jezi ya marehemu, namba saba. Jezi ile ilikuwa imefuliwa, imekaa kabatini miezi minne. Nilipoivaa, kwapani ilikuwa na unyevu, kama mtu kaivua sasa hivi. Naandika nilichokihisi. Asiyetaka aache.

"Mpaka filimbi ya mwisho," yule mzee akasema, "usiitikie jina lako."

Saa kumi tukaruka ukuta tukaingia. Mtangazaji akaanza kusoma kikosi, na watu wakawa wanashangilia kila jina. Alipofika namba saba akasita. Yeye mwenyewe ndiye aliyetangaza mchango wa msiba ule. Kisha akasoma kilichoandikwa. Uwanja ulinyamaza kama redio iliyotolewa betri. Nikasikia kitambaa cha kibendera cha kona kikipigapiga.

Kipindi cha kwanza sikupata pasi. Mpira ukija upande wangu, mwenzangu anainua kichwa, ananiona, anaurudisha nyuma. Beki wa Dar aliyekuwa akinikaba alikuwa amecheza na marehemu msimu uliopita. Akanisogelea, akaniangalia usoni kwa muda.

"Kaka, wewe si tulikuchangia rambirambi?"

Ningemcheka, ningemwambia ukweli. Nikampa mgongo. Tangu hapo akawa anasimama mbali nami kuliko beki anavyosimama, na mikono kaificha nyuma.

Kipindi cha pili nikasikia jina langu. Sauti ya baba, kutoka kwenye uzio. Ameshika baiskeli kwa mkono mmoja, mwingine kaupunga. Aliita mara tatu, jina langu la nyumbani. Shingo yangu ilitaka kugeuka, nikaikaza. Nilijiambia nikiitika na tukafungwa, watanitupia mimi lawama yote.

Mara mpira ukagonga mguu wa mtu ukanifuata. Yule beki hakunikaba. Alinipisha, kabisa, kama unavyompisha mtu mlangoni. Nikapiga. Kipa hakuruka. Niliusikia wavu ukiachia mpira, ukashuka chini taratibu, na katika watu wale wote hakuna aliyepiga kelele. Kisha kipaza sauti kikamtaja mfungaji. Nikatazama kwenye uzio, nikauona mgongo wa baba akikokota baiskeli kuelekea langoni.

Tukashinda bao moja. Mlangoni mwa vyumba vya kubadilishia nguo alisimama mama wa marehemu. Nyumba yake iko nyuma ya ukuta wa uwanja. Alikuwa akichagua maharage, akasikia mwanawe akitajwa, na baada ya muda akatajwa tena. Vumbi la maharage lilikuwa bado mikononi.

"Shikamoo mama."

Alininyooshea kola ya jezi, kama mama anavyomtengeneza mtoto wa kwenda shule.

"Ukiivua hii," akasema, "yeye utamwacha wapi?"

Katibu, nyuma yangu, akasema atapita nyumbani kesho wazungumze. Ndipo nikajua yule mama hakuwahi kuambiwa lolote.

Nilifika Maposeni kesho yake. Baba alinipokea, tukala ugali. Nikamweleza habari ya fomu na droo. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema katibu anaweza kusahau karatasi, lakini wewe nilikuita, na masikio unayo. Hatukuzungumza mpira tena mpaka alipofariki.

Timu ya Dar ilikata rufaa. Kwenye kikao katibu alisema hanijui, ati nimeiba jezi. Mwenyekiti wa kamati akaitikia kwa kichwa kumuunga mkono. Barua ikaja: tumenyang'anywa ushindi, bao limefutwa, na mchezaji mwenye leseni ile amefungiwa miaka miwili. Msomaji aisome vizuri. Aliyefungiwa ni marehemu. Mimi hawakunigusa, kwa sababu kwenye karatasi zao sikuwepo.

Kwa hiyo nilikuwa huru, nikarudi mazoezini. Nahodha alikuwa akihesabu watu ili tugawane pande mbili. Alifika kwa jirani yangu akasema tisa, akanipita, akamwambia wa upande wangu wa pili kumi. Nikamwomba ahesabu upya. Akahesabu, akanipita palepale. Nilisubiri mtu acheke, nijue wananitania. Wote walikuwa wanatazama nyasi. Nikavua njumu.

Sasa nina kibanda cha kunyoa karibu na soko. Mwaka jana mteja mmoja, mtu mzima mwenzangu, alikaa kwenye kiti changu akawasimulia waliokuwa kwenye benchi bao alilofunga marehemu. Alikuwa nyuma ya goli, ati aliona miguu haigusi chini. Nikasimamisha mashine nikamwambia mechi ile nilikuwepo.

"Ulikaa upande gani?" akaniuliza.

Nikamwambia sikukaa. Akasema kweli, siku ile watu wengi walisimama.